Kofia ya Mwinjilisti

Jumatatu ndiyo siku ya mapumziko ya wachungaji. Jumapili tumesimama madhabahuni ibada mbili, tumebatiza, tumetangaza ndoa, tumekaa kikao na wazee wa kanisa mpaka jua linazama. Jumatatu mchungaji anaruhusiwa kulala. Sisi hatulali. Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi tunakutana watano hapa Moshi, kila mmoja na baiskeli yake, tunaomba, tunaondoka kuelekea Himo.

Watano hao ni wachungaji wawili, mwalimu wa sekondari, muuguzi ambaye usharika mzima unamwita Mama Nesi, na Mwinjilisti. Mwinjilisti amestaafu, ana miaka 66 sasa, na kati yetu ni yeye peke yake aliyekuwa akiendesha baiskeli kabla haijawa mchezo. Kwa miaka 26 alizunguka mitaa yake kwa baiskeli nyeusi ya chuma, yenye kengele na karia, Biblia na vitabu vya nyimbo vimefungwa nyuma kwa mpira. Alipotuona mara ya kwanza tumevalia kaptura za kubana alicheka mpaka akashika ukuta. "Mimi kazi hiyo nililipwa mshahara mdogo," alisema, "na ninyi mnailipia!" Wiki iliyofuata alikuja na yeye.

Tulianza kwa sababu ya daktari. Mmoja wetu alipimwa akaambiwa shinikizo lake la damu limepanda na sukari inamnyemelea, naye alikuwa hajafikisha miaka 45. Sijui kwa nini tulishangaa. Mchungaji haingii nyumba ya msharika akaachwa atoke bila kula, na kwa siku moja ya kutembelea wagonjwa anaweza kunywa chai ya maziwa mara tano, tena yenye sukari ya heshima. Daktari alisema atembee. Tulijaribu kutembea, lakini mchungaji akitembea kwa miguu, kila baada ya hatua kumi anasimamishwa na mwenye shida, na si vyema kumwambia mwenye shida kwamba uko mazoezini. Kwenye baiskeli unapunga mkono, unaitikia "Amina" kwa sauti, unapita.

Baiskeli zetu ni za mtumba. Fundi wetu, anayefanya kazi chini ya mwarobaini karibu na soko, ndiye aliyetuchagulia, na jambo la kwanza alilotufundisha ni kwamba rangi haiendeshi. Aliigeuza kila baiskeli juu chini, akazungusha magurudumu kuona kama rimu zimepinda, akapitisha kidole kwenye maungio ya fremu akitafuta ufa, akavuta breki. Moja tuliyoipenda kuliko zote, nyekundu, nyepesi kama kikapu, aliikataa kwa sababu ya mstari mwembamba kama unywele karibu na shingo ya usukani. Tulinung'unika. Alisema fremu ikikatika hapo wakati unashuka mlima, hutapata muda wa kunung'unika.

Tairi tulizozikuta zilikuwa nyembamba mno, za milimita 23. Tuliziba pancha kila wiki mpaka tukazibadilisha kwa za milimita 28, na kwa barabara zetu hatutarudi nyuma. Watu hudhani tairi jembamba lililojazwa upepo mpaka likalia ndilo lenye kasi. Kwenye lami yenye vikwaruzo na matuta, tairi pana kidogo, lenye upepo wa kiasi, linakwenda vizuri zaidi na halibanwi kirahisi kati ya rimu na ukingo wa shimo. Kila mmoja hubeba mpira wa ndani wa akiba, vyuma vya kubandulia tairi, viraka na gundi, na pampu ndogo. Mwalimu peke yake hubeba pia kitambaa cha kujifutia, na sisi wote hukiazima.

Kuhusu nguo tutasema machache, maana tumeshasemwa vya kutosha. Kaptura ya baiskeli ina sponji mahali pa kukalia, na hubana ili isikunjane na kuchubua ngozi. Hiyo ndiyo sababu yake yote. Lakini mama mmoja wa kwaya alipomkuta mchungaji wake dukani amevaa hivyo, aligeuka akatazama ukuta mpaka alipotoka. Suala lilifika kwenye kikao cha wazee chini ya "mengineyo". Siku hizi tunavaa bukta ya kawaida juu yake. Mama Nesi huvaa suruali ndefu ya mazoezi na kitenge kifupi juu, na yeye hakuna aliyewahi kumjadili kikaoni, labda kwa sababu wanajua angewajibu.

Njia yetu ni hii: kutoka mjini tunapita Kiboriloni, tunaendelea mpaka Uchira, halafu Njia Panda, halafu Himo. Hapo tunaiacha barabara ya Holili, tunageuka kushoto kupanda Marangu. Kutoka Moshi mpaka Himo tunakuwa pamoja na malori yanayokwenda mpakani na mabasi yanayowahi Dar es Salaam, kwa hiyo tunakwenda mstari mmoja, wa nyuma ana taa nyekundu inayomulika hata kama kumekucha. Aliye mbele huonyesha kwa mkono kila shimo, kila mchanga, kila mbuzi anayewaza kuvuka, na ishara hiyo hupokezwa mpaka kwa wa mwisho. Asiyeonyesha shimo siku hiyo hununua soda.

Aliye mbele hufanya kazi kubwa kuliko wote, kwa sababu anaukata upepo. Aliyekaa nyuma yake kwa karibu, umbali wa kama nusu mita, anapunguziwa kazi kwa robo hivi, na wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo tunapokezana: dakika chache mbele, kisha unasogea pembeni, wenzako wanakupita, unajishika mkiani. Mtu mnyonge akikaa nyuma ya wenye nguvu anaweza kwenda mwendo ambao peke yake asingeuweza hata robo saa. Lakini hilo ni la tambarare. Ukishageuka Himo na barabara ikaanza kuinuka, mwendo unashuka, upepo hauna tena kazi, na mgongo wa mwenzako haukusaidii kitu. Kila mmoja anabaki na miguu yake, pumzi yake na gia yake. Moshi mjini tuko chini ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Lango la hifadhi kule Marangu liko zaidi ya mita 1,800. Migomba inapita polepole sana.

Mwanzoni tulipanda kwa hasira. Tulikuwa tunaamini gia nzito ndiyo ya mwanamume, tukasukuma pedeli kama mtu anayekanyaga udongo wa kufyatulia matofali, na magoti yakatulipa. Mama Nesi ndiye aliyetusoma. Alisema miguu inapaswa kuzunguka upesi na kwa wepesi, mizunguko 80 au 90 kwa dakika kwenye tambarare, na mlimani mtu ashuke kwenye gia ndogo kabla hajazidiwa, si baada ya kuzidiwa. Alitufundisha pia kipimo kisicho na gharama: ukiendesha, ongea. Ukiweza kusema sentensi nzima, unajenga mwili. Ukibakia na neno moja moja, unautumia. Mazoezi mengi ya wiki yawe ya sentensi nzima. Siku moja tu ndiyo ya neno moja moja. Kwa wahubiri ilikuwa vigumu kuamini kwamba kuongea ni kipimo cha kwenda polepole, lakini tulitii, na baada ya miezi minne yule wa shinikizo alipunguziwa dawa. Tulijifunza kula kabla ya njaa na kunywa kabla ya kiu: ndizi mbili mfukoni, viazi vya kuchemsha vyenye chumvi, chupa moja ya maji kwa kila saa.

Sasa tuje kwenye kofia, maana ndiyo tuliyokaa kuiandikia.

Wanne kati yetu tulikuwa na kofia ngumu tangu mwanzo. Mwinjilisti hakuwa nayo. Alikuja na kofia ya pama, ile ile aliyozunguka nayo mitaani, na tulipokuwa tukiomba kabla ya kuondoka aliivua, akaiweka kifuani, akatusomea Zaburi ya 91 kwa moyo bila kitabu. Aliijua yote. Halafu alituangalia tukifunga mikanda chini ya kidevu, akatabasamu, akasema kwamba miaka 26 ya porini, pamoja na nyoka na mafuriko na mbwa, Bwana ndiye aliyekuwa kofia yake.

Hatukumjibu. Na hapa ndipo penye ugumu wa kuandika. Tungeweza kusema hatukutaka kumkosea heshima mzee, na ni kweli kwa sehemu. Lakini sababu iliyo chini yake ni kwamba tulimwonea wivu. Tulifunga mikanda yetu kama watu wanaofanya jambo la aibu kidogo, kama mtu anayemeza dawa mbele ya mwombeaji. Alionekana ana imani, sisi tuna vifaa. Mmoja wetu sisi wachungaji wawili alifika mpaka mimbarani nalo. Alihubiri kuhusu kumtegemea Mungu, akasimulia safari za Jumatatu, akasema: sisi tuna kofia za povu, Mwinjilisti ana Zaburi. Watu walicheka, vigelegele vikapigwa upande wa akina mama, na Mwinjilisti akiwa kiti cha tatu aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Mchungaji wa pili alikuwa ameketi madhabahuni, naye aliitikia Amina. Tunasema haya sote wawili.

Ilikuwa Julai, mwaka juzi. Kule juu Marangu palikuwa na ukungu na manyunyu, barabara imelowa, tukashuka kwa uangalifu mkubwa, tukibonyeza breki na kuachia, tukitazama mbali kwenye kona. Hakuna aliyeteleza. Tulipofika Himo jua lilikuwa limetoka, lami ni kavu, na upepo unatusukuma kwa nyuma. Tukafurahi. Mwalimu akaanza kuvuta, nasi tukamfuata, na bila mtu kusema neno yakawa mashindano. Mwinjilisti alikuwa nyuma yetu. Alikuwa amechoka na mlima, naye hakuwa mtu wa kupiga kelele. Tulitazama nyuma mara moja pale Njia Panda, tukamwona kwa mbali, kofia yake ya pama, tukasema anajua njia.

Tulikuwa tunakunywa soda Uchira wakati kijana wa bodaboda alipofika akauliza kama mzee mwenye kofia ni wetu.

Kijana ndiye aliyeona. Hakuna gari lililomgonga. Lori lilikuja nyuma yake, likapiga honi, naye akasogea kulipisha, kama alivyosogea maisha yake yote. Pale ukingo wa lami uko juu ya changarawe karibu urefu wa kiganja. Gurudumu la mbele lilishuka, akajaribu kulirudisha juu kwa pembe ndogo, likakwama ubavuni mwa lami na baiskeli ikamwangusha upande wa kushoto. Kofia ya pama ilitangulia. Baiskeli yenyewe haikupata hata mkwaruzo wa maana.

Mama Nesi alimshika kichwa na shingo mpaka tulipopata gari, akamshika hivyo mpaka hospitali, dakika zote hizo mikono haikutikisika. Sisi wachungaji tulikuwa nyuma ya gari tunaomba. Alikaa siku tisa bila kutambua mtu.

Siku ya pili Mama Mwinjilisti alitukuta kwenye korido. Alikuwa hajalala. Hakupandisha sauti, tungependa angepandisha.

"Wachungaji wangu," alisema, "naomba niwaulize. Ninyi mlikuwa mmevaa zile kofia?"

"Tulivaa, Mama."

"Na yeye mlishamwambia avae?"

Tulikaa kimya.

"Nyumbani nilimwambia," alisema. "Akanijibu kwamba hata kanisani mlimtolea mfano. Nikanyamaza, maana mimi ni nani." Akakunja kanga yake mapajani, akaikunjua. "Basi kila Jumatatu mlikuwa mnaomba nini?"

Hatukuwa na jibu, na wala hatukulipata njiani kurudi nyumbani. Lilikuja polepole, na lilitoka mahali tulipopaswa kulijua siku nyingi. Shetani alipompandisha Bwana Yesu juu ya kinara cha hekalu na kumwambia ajitupe chini, andiko alilolitumia lilitoka katika Zaburi ile ile ya 91. Tumelihubiri jambo hilo kila Kwaresima. Tumelifundisha kwenye kipaimara. Na kila Jumatatu tuliisikia zaburi hiyo ikisomwa na mzee wetu asiye na kofia, halafu tukasema Amina tukapanda baiskeli, na hakuna aliyekumbuka ni nani mwingine aliyewahi kuinukuu, na kwa kazi gani. Zaburi haikuwa na kosa. Mwinjilisti naye aliisoma kwa moyo safi, na hatutaki msomaji amfananishe na mjaribu hata kidogo. Walioketi katika nafasi ya kujua tofauti walikuwa sisi.

Kisha tukakumbuka barua ya Luther. Chuoni tuliisoma na kuijibia mtihani, na tulipata alama nzuri. Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg. Chuo kikuu kilihamishiwa Jena, naye aliagizwa aondoke, lakini alibaki pamoja na Bugenhagen kuwahudumia wagonjwa na wanaokufa. Mke wake Katharina alikuwa mjamzito, na nyumba yao ikageuka kuwa kama hospitali. Katika siku hizo akamwandikia Johann Hess na wachungaji wenzake wa Breslau, waliokuwa wameuliza kama Mkristo anaruhusiwa kuikimbia tauni. Wengi hukumbuka sehemu ya kwanza ya jibu lake, kwamba mchungaji asiwaache watu wake. Lakini anaendelea kuwageukia wengine, wale wanaodharau dawa na tahadhari na kuingia penye ugonjwa bila sababu ili waonekane wana imani. Hao anasema wanamjaribu Mungu. Mungu ndiye aliyeumba dawa na akili ya kuulinda mwili. Kwa hoja ya watu hao, mtu angeweza pia kuacha kula na kuvaa akangoja Mungu amlinde na njaa na baridi. Yeye mwenyewe ataomba, anasema, halafu atafukiza nyumba, atatumia dawa, atakwepa mahali asipohitajika. Lakini jirani akimhitaji, hapo atakwenda bila kukwepa.

Tulipokuwa chuoni tulidhani barua hiyo inahusu tauni.

Na kuna sheria ndogo katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, ambayo hatukumbuki kuisikia ikihubiriwa hata mara moja: anayejenga nyumba aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, ili mtu akianguka damu isiwe juu ya nyumba hiyo. Imewekwa katikati ya mambo ya kiota cha ndege na mbegu za shamba la mizabibu, na haielezi lolote kuhusu imani ya anayeanguka. Inamzungumzia mwenye nyumba.

Tulimwomba Mama Mwinjilisti msamaha nyumbani kwake, wote wanne. Kisha yule aliyehubiri akaomba Jumapili moja asimame tena mimbarani, na akalirudia lile neno lake la povu na Zaburi mbele ya watu wale wale, akasema ni neno baya na kwamba yeye ndiye aliyelisema. Hakukuwa na vigelegele. Baadhi ya washarika walituambia baadaye kwamba haikuwa lazima, mchungaji asijishushe hivyo. Mzee mmoja alisema ajali ni mpango wa Mungu na sasa tunaleta maneno ya bima kanisani. Tumemsikiliza, bado tunamsikiliza, na hatukubaliani naye.

Mwinjilisti aliamka siku ya kumi. Sikio la kushoto halisikii tena, akigeuka ghafla anapepesuka, na majina ya watu yanampotea. Sisi wawili anatuita "Mchungaji", na kwa bahati hilo linatosha. Ajali yenyewe haikumbuki kabisa. Tulipomwambia kwamba tulimwacha nyuma, alifikiri kwa muda, akauliza: "Na soda mliimaliza?" Hatukujua kama anatania. Mpaka leo hatujui.

Tangu hapo kuna mambo tumeyabadilisha. Kila safari ina mtu wa mwisho aliyepangwa, na mtu huyo hampiti yeyote hata kama wa mbele yake anatembea kwa miguu. Mbele hapaondoki kutoka Himo mpaka wa mwisho awe amefika. Tukisikia lori nyuma na ukingo wa lami uko juu, hatusogei ukingoni. Tunashika mstari wetu mita moja ndani, tunanyoosha mkono, na dereva anangoja kidogo. Wengi wanangoja. Asiyetaka kungoja, tunapunguza mwendo na kusimama kabisa tukiwa bado juu ya lami, kisha tunashuka kwa miguu. Gurudumu likishashuka kwa bahati mbaya, halirudishwi kwa nguvu: unaendelea kwenye changarawe, unapunguza mwendo, unasimama.

Na kofia. Ndani yake ni povu gumu. Kichwa kikigonga chini, povu linasagika, na katika kusagika linamaliza nguvu ambayo ingeingia kwenye fuvu. Likishasagika halirudi hali yake. Ndiyo maana kofia iliyowahi kuanguka na kichwa ndani hutupwa, hata kama nje inang'aa, na ndiyo maana baiskeli tunanunua za mtumba lakini kofia hapana, kwa kuwa huwezi kujua ilishaanguka mara ngapi huko ilikotoka. Ikae sawa juu ya kichwa, vidole viwili tu juu ya nyusi, si kisogoni kama kofia ya mpishi. Mkanda uruhusu kidole kimoja au viwili chini ya kidevu. Kofia isiyofungwa huruka kabla hujafika chini, kama ile ya pama.

Miezi 14 baada ya ajali daktari alimruhusu Mwinjilisti kupanda baiskeli kwenye barabara tulivu, asiwe peke yake. Tulichanga wanne tukamnunulia kofia mpya, nyeupe, kwa kuwa alisema nyekundu ni ya vijana. Hapo likazuka suala ambalo hatukulitarajia: mwanamume haombi akiwa amefunika kichwa. Zamani alikuwa anavua ile ya pama bila shida, lakini hii ina mikanda na vifungo, na vidole vyake sasa ni vizito. Mwalimu alipendekeza tuombe tukiwa tumeshavaa, Mungu anaelewa. Mwinjilisti alikataa kata kata. Basi tunaomba vichwa wazi, Zaburi anaisoma yeye, akikwama kwenye mstari Mama Nesi anamsogezea neno, na baada ya Amina ndipo tunavaa.

Sasa tunaanzia nyumbani kwake, si ofisini. Anakwenda nasi mpaka Kiboriloni tu, kisha anageuza, na mmoja wetu anageuza naye na kuikosa Marangu siku hiyo. Kuna zamu, imebandikwa kwenye mlango wa jiko lao. Mama Mwinjilisti hutoka na kanga yake mabegani, anamfunga mumewe mkanda kwa mikono yake, halafu anabaki amesimama langoni akisikiliza vifungo vya wengine vinavyolia, kimoja kimoja. Akishahesabu vitano ndipo anafungua lango.

Jumatatu iliyopita alihesabu vinne, akalishikilia lango. Mchungaji mmoja alikuwa anaongea na simu.